Kilichokuwa Ndani ya Mchanga

Mbugangari, Jumapili jioni

Mwanangu Zaituni,

Amani iwe kwako, na iwe kwa wote utakaolala nao chumba kimoja kuanzia kesho, wa dini yetu na wasio wa dini yetu.

Habari za soksi, za dawa ya malaria na za kukaa vizuri na watu usiowajua, mama yako ameshakueleza tangu Ijumaa, na ninavyomjua atakueleza tena kesho huku basi limewashwa. Mimi sitaongeza. Nimejifungia dukani, nimeondoa vitambaa vya watu juu ya meza ya kukatia ili nipate pa kuweka karatasi. Nataka kukueleza jambo moja lililonipata. Hapana, nianze vizuri: jambo moja nililolifanya. Ulipokuwa bweni tulikuambia nusu yake. Leo nakupa yote.

Siku ulipoleta habari kwamba umekubaliwa kwenye mafunzo ya polisi, uliona nimenyamaza. Mama yako alipiga vigelegele, majirani wakaja, na mimi nikaendelea kushona pindo la suruali ambalo lilikuwa limeshakwisha. Jioni ukaniuliza, "Baba, we hutaki?" Nikasema nataka. Hukuniamini, na ulikuwa na haki. Nilitaka, mama. Ila kulikuwa na siku moja ambayo nilikuwa sijakusimulia, na sare hiyo unayokwenda kuvaa ilinirudisha kwenye siku hiyo.

Zile siku mapigano yalipofika Goma, wewe ulikuwa shule huko kusini, ukitusikia kwa simu tu. Nilikuambia tuko salama. Tulikuwa chini ya kitanda. Mabomu yalivuka mpaka yakaanguka upande wetu wa Rwanda, na watu walikufa, watu tuliokuwa tukisalimiana nao. Wa ng'ambo walivuka na magodoro kichwani, na wa kwetu wanaokaa karibu na mpaka wakazihama nyumba zao. Kanisa la Mchungaji Elia, lile linalotazamana na msikiti wetu, lilifungua milango, na kwa siku mbili likajaa mpaka kwenye ngazi.

Mchungaji Elia unamjua: yule mrefu, aliyezaliwa ukimbizini Karagwe akarudi nyumbani akiwa mtu mzima, Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi wa hapa tunaona aibu kufungua mdomo. Mke wake, Mama Neema, alikuwa mteja wangu. Sare za kwaya yao nilizishona mimi, miaka yote. Idi ikifika tuliwapelekea pilau, Krismasi ikifika walituletea soda na keki. Wakubwa walipokuja kututembelea, imamu na mchungaji walishikana mikono, tukapigwa picha, na mimi nilisimama nyuma yao nikitabasamu. Tukasema Mbugangari kuna umoja. Ulikuwepo, sisemi haukuwepo. Lakini ulikuwa umoja wa sahani. Haukuwa umejaribiwa na kitu.

Mabomu yalipotulia, maneno yakaanza. Mtu mmoja alisema kuna watu upande wetu waliowaonyesha wapigaji mahali pa kulenga. Mwingine akasema taa ya mnara wa msikiti iliwaka alfajiri, kabla kidogo ya bomu la kwanza. Iliwaka kwa sababu ya sala, kama inavyowaka kila siku ya Mungu. Lakini mtu mwenye hofu haulizi saa ya sala. Dereva mmoja wa pikipiki aliniambia huku nikimpima kiuno, "Fundi, bon, mi sisemi kitu. Lakini watu wanasema." Nikaandika vipimo vyake, na mkono wangu ukakosea namba.

Jumatano ya wiki hiyo Mzee Saidi, mwadhini wetu, aliniita. Unamkumbuka, ndiye aliyekufundisha alifu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya msikiti, kwenye lile banda tulimokuwa tumeweka mchanga wa kujengea mahali pa kutawadha. Bati la banda lilikuwa limetoboka. Chini ya tundu, kwenye kona ya upande wa lango, kitu kilikuwa kimejichoma ndani ya lundo la mchanga, mkia tu ndio uliobaki nje. Mkia wa chuma wenye mapezi, kama samaki aliyezama kichwa chini.

"Halikulipuka," akaninong'oneza. "Limelala hapa tangu siku ile."

Imamu alikuwa amekwenda Kigali kumzika dada yake. Tulikuwa watatu tu wa kamati: Mzee Saidi, mimi, na katibu wetu Abubakari. Tulikaa ndani ya msikiti, mlango umefungwa, mchana kweupe, tukizungumza kama wezi.

"Tukienda polisi leo," Abubakari alisema, "kesho mji muzima utasema silaha imekutwa musikitini. Nani atauliza iliingia kwa bati? Donc, basi tungoje imamu. Jumapili atarudi, yeye ndiye atajua namna ya kusema."

"Na kama mutu anakanyaga?" Mzee Saidi aliuliza.

"Nani atakanyaga? Funga banda."

Wakanitazama mimi. Ningeweza kusema hapana. Marehemu babu yako alikuwa na neno lake: chakula cha jirani kula, siri ya nyumba yako usimpe. Nililisikia tangu utotoni, nikaliamini, na wewe nilikufundisha, nakumbuka hata siku yenyewe. Nikasema, "Tungoje." Kisha nikachukua sepetu mimi mwenyewe, nikarusha mchanga mara tatu juu ya ule mkia, taratibu, mpaka ukapotea. Mzee Saidi akafunga banda kwa kamba.

Tungelala vipi siku tatu hizo? Sikulala. Lakini nilikwenda kazini, nilisali, nilikula. Ndiyo maajabu ya mwanadamu.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na kiwanja cha kanisa, ambapo wakimbizi walikuwa wanapika na watoto wanalala, kilikuwa matope matupu. Sisi wanaume tulipangwa kuzibua mtaro wa barabara. Mkuu wa mtaa akakumbuka kwamba Abubakari, kabla ya mambo yote haya, aliwaahidi watu wa kanisa mchanga wa msikiti kwa ajili ya kile kiwanja. Abubakari mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa Cyanzarwe, kwenye mashamba yake. Mkuu wa mtaa hakuona sababu ya kumngoja. Aliwapa wanawake majembe na magunia, akakata kamba ya banda kwa panga, akaenda zake kusimamia mtaro wa juu.

Mimi niliinua kichwa kutoka mtaroni nikawaona wanaingia lango la msikiti. Wanawake kama kumi na tano, wenye ushungi na wasio na ushungi, wanacheka. Mbele alikuwa Mama Neema na jembe begani. Mama yako alikuwa katikati yao.

Mwanangu, sikukimbia. Mpaka leo miguu yangu inanishangaza. Nilitembea. Niliogopa kwamba nikikimbia wanaume watauliza kwa nini fundi anakimbia.

Nilipofika bandani walikuwa wameshaanza, wengine wanachimba upande huu, wengine upande ule. Mama Neema alikuwa kwenye kona ya upande wa lango. Mama yako alikuwa mwisho kabisa, kwa ukuta wa ndani, lundo zima la mchanga likiwa kati yake na kona ile. Nilipomwona yuko kule, moyo wangu ulitulia.

Ulitulia. Nataka neno hilo ulisome mara mbili, maana nimechukua muda mrefu kuliandika. Mke wangu alikuwa mbali na hatari, basi nikapata pumzi ya kusubiri. Nikajiambia labda watatosheka kabla hawajafika pale. Nikajiambia mchanga ni mwingi. Nilisimama hapo kwa muda wa kujaza magunia mawili. Niliwaona wakiyajaza. Mwanadamu mwenzangu, mama wa watu, anapiga jembe mbele ya macho yangu, na mimi nahesabu umbali wa mke wangu.

Kisha nikajaribu ujanja. "Wamama," nikasema, "mchanga huo si unatosha sasa?"

Mama Neema akajinyoosha, akafuta jasho. "Fundi, umekuja kutusaidia au kutusimamia?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka.

Akainua jembe.

"Usipige!" Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi. "Mama Neema, acha! Acha jembe!"

Jembe lilikuwa limeshaanza kushuka. Alijaribu kulizuia, likapoteza nguvu, lakini lilifika. Tulisikia mlio mdogo tu, kama kijiko kinapogonga ukingo wa sufuria.

Hakuna aliyesogea. Mchanga uliporomoka kidogo pale mbele yake na ule mkia ukachungulia. Mama Neema hakuutazama. Alinitazama mimi.

"Fundi," akasema polepole, "umejuaje?"

Nilipiga kelele watoke wote, nikamwita mama yako kwa jina, na wao wakatoka wakipitia upande wa ukuta, mmoja mmoja, wamebana sketi zao zisiguse kitu. Mama Neema alitoka wa mwisho. Alililaza jembe chini kwa mikono miwili, kama anayemlaza mtoto mchanga, ndipo akaondoka.

Nje habari ilikwishafika kabla yetu. Wanaume walipanda kutoka mtaroni na matope yao. Yule dereva wa pikipiki niliyempima kiuno ndiye aliyenifikia kwanza.

"Alijua!" akapaza sauti. "Huyu alijua! We fundi, ulijua iko bomu, ukaacha wamama wanalima juu yake!"

Nilitaka kusema sivyo. Ilikuwa ndivyo. Mwingine akapiga kelele kwa Kinyarwanda kwamba msikitini kuna mabomu, na neno likawa tayari si bomu bali mabomu. Mzee Saidi, kelele zikiwa zimemtoa ndani ya msikiti, akaja langoni na kofia yake mkononi, anasema, "Ni mimi nililiona. Mimi. Muache huyu." Ikawa mbaya zaidi, maana sasa tulikuwa wawili. Barabara yetu unaijua, kila mahali ni yale mawe meusi ya volkano. Niliona watu wakiinama. Mtu akiinama wakati kama ule hatafuti kitu kingine.

Mchungaji Elia alivuka barabara kutoka kanisani, mikono ya shati imekunjwa. Watu walimpisha wakidhani anakwenda kwa mke wake. Na kweli alikwenda kwake kwanza, akamshika bega, akamuuliza kitu nisichosikia, naye akatikisa kichwa. Kisha akageuka akaja kusimama langoni mwa msikiti, kati yangu na Mzee Saidi.

"Ndugu zangu," akasema, "mnawauliza hawa kwa nini walinyamaza. Niulizeni na mimi."

Watu hawakuelewa. Mimi pia sikuelewa.

"Wiki iliyopita nilikuta furushi chini ya benchi kanisani. Mtu amelala akaliacha akaenda. Ndani yake kulikuwa na risasi. Nikazitupa chooni. Sikumwambia polisi. Sikumwambia hata huyu mke wangu. Niliogopa kanisa litafungwa na watu waliolala humo watafukuzwa kwenye mvua."

"Pasta, usiseme hivyo!" mama mmoja wa kanisa lake alilia.

"Nimeshasema, mama." Sauti yake haikupanda. "Sasa mimi na hawa wawili tunakwenda kituoni. Mwenye jiwe, sisi watatu ndio hawa. Na asiyetaka kupiga mtu, azuie watoto wasikaribie lango hili."

Sijui kama alipanga maneno hayo au yalimjia tu. Lakini yale ya mwisho ndiyo yaliyotuokoa, maana yaliwapa watu kazi. Yule dereva wa pikipiki, yeye yule, aliangalia lango, akaangalia watoto waliokuwa wanajipenyeza, akaachia jiwe lake. Alikwenda akaiweka pikipiki yake kukingama barabara na kuanza kufokea watoto warudi nyumbani. Wengine wakamfuata.

Si wote. Tulipokuwa tunashuka kuelekea kituo cha polisi, kundi lilitufuata nyuma, na jiwe moja lilikuja likampiga Mzee Saidi mgongoni. Alipepesuka tu. Mchungaji akarudi nyuma yake, akatembea hivyo njia yote, kifua chake karibu na mgongo wa yule mzee, akimkinga. Mimi nilitembea mbele. Hakuna aliyenipangia kutembea mbele, na ni mimi niliyestahili kuwa nyuma. Hilo nalo ulijue.

Kituoni tulimkuta afande mwanamke, mnene kidogo, aliyekulia Uganda, Kiswahili chake cha kuokotaokota. Tukasema sote kwa pamoja. Akanyanyua mkono. Kwanza akauliza bomu liko wapi na nani amebaki karibu nalo, akapiga simu, nikasikia gari linaondoka. Ndipo akatuonyesha benchi.

"Kaeni. Muzee, umeumia?"

Mzee Saidi akasema hapana. Afande akamletea maji hata hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja: kwa nini mulificha? Nilikuwa na majibu yake mengi, ya uongo na ya nusu uongo, nimeyapanga njia nzima. Akafungua daftari lake, akauliza, "Mulikuwa munaogopa nini?"

Majibu yangu yote yakaanguka. Nikasema, "Tuliogopa majirani zetu."

Akamtazama mchungaji. "Na wewe?"

"Nami niliwaogopa majirani zangu, afande," akasema. "Hawa hawa."

Afande aliandika. Aliandika kama tulivyosema, hakupamba. Kisha akaweka kalamu. "Na mimi munaniogopa?"

Mzee Saidi, kwa sababu ya uzee wake, ndiye aliyesema, "Ndiyo, binti yangu."

"Haya," akasema. "Iko kazi."

Saa tisa mchana, tungali pale tunaulizwa mmoja mmoja, tulisikia mlio. Wanajeshi wenye ujuzi wa mabomu walilichukua wakalipeleka mbali na nyumba, wakalilipua. Vioo vya dirisha viliimba. Mchungaji alifumba macho akataja jina la mke wake. Mpaka dakika hiyo sehemu moja ya akili yangu ilikuwa bado inaniambia labda lilikuwa limekufa, labda lilikuwa chuma tu. Lilikuwa hai, Zaituni. Jembe lake liligonga kitu kilicho hai.

Walituhoji siku mbili, wakatuachia. Risasi zilitolewa chooni, na kazi hiyo mchungaji alisimama hapo mpaka ikaisha. Usidhani watu walimshangilia. Wazee wa kanisa lake walimsimamisha kuhubiri mpaka Pasaka ilipopita, wakisema aliliaibisha kanisa kwa ajili ya Waislamu. Alikuwa anakaa benchi la nyuma kila Jumapili, mrefu vile, anaimba kama waumini wengine. Imamu aliporudi alitutoa mimi na Abubakari kwenye kamati. Alikuwa na haki. Msikiti ulipata tundu kwenye bati na maneno ya mji kwa miezi, maana maneno hayalipuliwi shambani.

Uliporudi likizo uliniuliza mara mbili kwa nini Mama Neema anamsalimia mama yako na mimi ananipita. Nilikuambia labda ana haraka. Sare za kwaya zilikwenda kwa fundi mwingine mjini, nilikuambia wametaka mtindo mpya. Huo ndio uongo nilioutumia, mara zote mbili.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana ndicho ninachotaka kikusindikize.

Imamu na mchungaji hawakuitisha mkutano wa kupiga picha. Walikaa wao wawili sebuleni kwa mchungaji, wakati yeye hana ruhusa ya kuhubiri, wakakubaliana kitu kidogo tu, ambacho baadaye na padri wa misheni alijiunga nacho. Kikionekana kitu cha wasiwasi msikitini au kanisani, mgeni asiyeeleweka, furushi, tishio kwenye simu, au hata maneno mabaya yanayozunguka, haendi mtu mmoja kuripoti. Wanakwenda wawili, mmoja wa kwenu na mmoja wa kwao. Wa kwao anashuhudia kwamba wa kwenu hawakuficha. Basi. Huna haja ya kumpenda huyo unayekwenda naye. Polisi nao, kupitia kwa yule afande, walikubali kutuona hivyo hivyo, wawili wawili, hata kwa jambo dogo.

Mimi nilidhani halitanihusu tena. Nilikuwa mtu wa kushona tu. Miezi ikapita. Kisha siku moja, saa nne asubuhi, mlango wa duka ukafanya kivuli, nikainua macho. Mama Neema. Hakuingia. Alisimama kizingitini.

"Kuna begi limeachwa kanisani," akasema, "chini ya madhabahu. Hakuna anayelijua. Tumewatoa watu wote. Imamu hayupo, Mzee Saidi anaumwa. Ninahitaji mtu wa msikiti."

"Mimi?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyepo."

Nikaacha cherehani na sindano ndani ya nguo. Tulitembea pamoja kwenda kituoni, dakika ishirini, yeye upande huu wa barabara, mimi upande ule. Nilisikia viatu vyake. Mara moja lori lilipita, kila mmoja akasimama upande wake akamngoja mwenzake mpaka lori limalize kupita, tukaendelea. Watu walituona. Yule dereva wa pikipiki alituona, akapunguza mwendo, akatupita bila kusema kitu.

Polisi walikuja, wakafunga barabara, wakalifungua lile begi kwa tahadhari zao zote. Lilikuwa na suruali mbili, mswaki na redio ndogo. Mwenyewe alipatikana jioni, muuza vitunguu wa Kanama aliyeingia kusali akalisahau.

"Kumbe redio," Mama Neema alisema. Midomo yake ikataka kucheka, akaizuia. Akaondoka na njia yake.

Hakunisamehe, mwanangu. Mpaka leo sina hakika kama amenisamehe. Lakini alikuja. Mimi niliyemwacha apige jembe, alikuja akasimama mlangoni kwangu kwa sababu watu walikuwa kwenye hatari na alimhitaji mtu wa upande wa pili. Nilikuwa nikidhani amani inakuja watu wakishapendana, na kama hawajapendana basi wasubiri. Mama Neema hakusubiri. Yule mama ana imani kuliko mimi, nasema hivyo na dini yangu iko pale pale.

Lile neno la babu yako nililokufundisha, nalirudisha. Alikuwa mtu mwema, aliishi nyakati zake. Jirani unayempa chakula mpe na habari ya nyumba yako inapowaka, hata kama utaona aibu, hata kama atakuwa na la kusema. Kula naye ni rahisi.

Kuhusu kazi yako siwezi kukufundisha, mimi ni fundi wa nguo. Nimeona tu askari mmoja akifanya kazi yake vizuri. Watakaoletwa mbele yako, wengi watakuwa watu kama mimi: si wabaya, si wema, wamerusha sepetu tatu za mchanga juu ya kitu wakitumaini kitakaa kimya. Wengine watakuwa na ushungi kama mama yako, na wenzako watakutazama waone kama utawaonea huruma kwa sababu ni wa kwenu. Wengine watakuwa na msalaba shingoni, na watakutazama wao waone kama utawaonea. Wewe uliza walikuwa wanaogopa nini, kisha ngoja jibu, hata likichelewa.

Limebaki jambo moja. Yule afande aliniuliza mengi nikamjibu yote, isipokuwa habari ya moyo kutulia. Hakuiuliza, na mimi sikuitoa. Mchungaji haijui. Mama Neema anajua nilichelewa, hajui nilichelewa kwa nini. Anadhani niliganda kwa hofu, na wengi wamemwambia amwonee huruma mtu aliyeganda. Mama yako anadhani hivyo pia. Anawaambia watu kwamba mume wake ndiye aliyepiga kelele akawaokoa. Nimesikia akisema hivyo mara nyingi nikiwa nimekaa hapo hapo, nakunywa chai.

Wewe ni mtu wa kwanza kuambiwa. Sikuchagua hivyo kwa ushujaa. Karatasi haina macho. Lakini siwezi kukuambia haya nikuache uende ukiwa umebeba siri juu ya mama yako, hiyo itakuwa kukutwika mzigo wangu. Kwa hiyo kesho, basi lako likishaondoka, nitamwomba mama yako tusirudi nyumbani moja kwa moja. Nitamweleza pale pale njiani tukitoka gare ya mabasi, kabla sijapata nafasi ya kufungua duka na kujificha nyuma ya cherehani. Na akikubali kutembea nami baada ya hapo, tutakwenda wote wawili kwa Mama Neema, nimwambie na yeye, mke wangu akiwa amesimama hapo anasikia. Asipokubali, nitakwenda peke yangu.

Ukifika utapiga simu, najua, na utampigia mama yako kwanza kama kawaida yako. Asipopokea, usiogope, na usinipigie mimi. Tutakuwa bado tunaongea.

Ni mimi baba yako,
Rajabu